Nyumba Ndogo za Mwili: Chembe, Kazi Zake, na Ugonjwa wa SS

Msomaji, fikiri mtoto mmoja wa miezi minane. Alizaliwa vizuri. Alinyonya vizuri, akanenepa, akaanza kukaa peke yake. Kisha usiku mmoja anaanza kulia, na kunyonya hataki. Asubuhi mama yake anaona ya kuwa mikono na miguu imevimba. Ukigusa vidole, analia zaidi. Baada ya siku chache uvimbe unapungua, lakini mwezi mwingine unarudi. Macho yake yanakuwa ya manjano kidogo, na viganja vyake vinakuwa vyeupe.

Watu wa nyumbani wanaulizana, “Mtoto huyu alizaliwa mzima. Ni nani amemfanyia hivi?” Wengine wanamtazama nyanya yake. Wengine wanamtaja jirani waliyekosana naye juu ya shamba. Mbuzi wanauzwa ili mlozi atafutwe, ugomvi unaingia katika jamaa, na mtoto anazidi kuwa mgonjwa.

Katika somo hili utajifunza ya kuwa ugonjwa huo una sababu, na sababu yake haikai katika nyumba ya jirani. Inakaa katika kitu kidogo sana kiitwacho chembe. Katika vitabu vya shule vya Kifaransa kinaitwa selule, na watu wengine husema seli. Lakini huwezi kuelewa chembe yenye ugonjwa ikiwa hujaelewa kwanza chembe iliyo nzima. Basi tuanze hapo.

1. Chembe ni nini?

Ukitazama nyumba ya matofali kutoka mbali, unaona ukuta mmoja. Ukikaribia, unaona tofali juu ya tofali. Mwili wako ni vivyo hivyo. Ngozi, nyama, mifupa, ini na ubongo, vyote vimejengwa kwa chembe. Majani ya mhogo yamejengwa kwa chembe, na kuku pia, na chura pia. Lakini kuna tofauti kubwa: tofali halina uhai, chembe ni hai. Inapokea chakula, inatumia hewa, inafanya kazi, inatoa uchafu, na chembe nyingi zinaweza kujigawa kuwa mbili.

Mtu wa kwanza kuziandikia habari alikuwa Mwingereza Robert Hooke, katika mwaka 1665. Alikata kipande chembamba sana cha gome la mti, lile ambalo watu hufanyizia vizibo vya chupa, akakitazama kwa mikroskopu. Akaona vyumba vidogo vingi, kama masega ya nyuki. Vyumba vile vilikuwa vitupu, kwa maana gome lilikuwa limekauka. Katika miaka ya 1838 na 1839 Wajeremani wawili, Matthias Schleiden na Theodor Schwann, wakafundisha ya kuwa mimea yote na wanyama wote wamejengwa kwa chembe. Na mwaka 1855 mganga Mjeremani, Rudolf Virchow, akaandika ya kuwa kila chembe inatoka katika chembe nyingine iliyoitangulia. Shika neno hilo la mwisho, kwa maana tutalihitaji mbele.

Chembe ni ndogo kadiri gani? Iko moja unayoweza kuiona bila mikroskopu: yai la kuku asiyekuwa na jogoo. Kiini chake cha manjano ni chembe moja tu, iliyojaa akiba ya chakula. Lakini karibu chembe zote nyingine hazionekani kwa macho. Ukipanga chembe nyekundu za damu katika mstari mmoja, itakupasa kupanga karibu 130 ili kufikisha milimetre moja. Mwili wa mtu mzima una chembe kama milioni thelathini, mara milioni moja.

Kama shule yenu au hospitali ina mikroskopu, fanyeni jambo hili. Kateni kitunguu, mwondoe ile ngozi nyembamba kabisa iliyo kati ya ganda na ganda. Itandazeni juu ya kioo pamoja na tone moja la dawa ya iyodi. Mtaona vyumba virefu vimepangwa kama matofali, na ndani ya kila chumba doa moja la mviringo. Doa lile ni nini? Sasa tutajifunza.

2. Sehemu za chembe

Fikiri lupango wa mtu mwenye bidii. Pande zote una ua, na ua una mlango. Ndani mna nyumba ya mwenyewe, mna jiko, mna mafundi wanaofanya kazi, na mna mahali pa takataka. Chembe ina mambo hayo yote.

Ua wa chembe ni utando. Ni mwembamba sana, lakini hauruhusu kila kitu kupita. Unapitisha maji, chakula na oksijene, ile sehemu ya hewa tunayohitaji, nao unatoa uchafu.

Ndani ya utando mna utomvu mzito wenye maji mengi. Kazi nyingi za chembe zinafanyika humo.

Katika utomvu mna majiko, ambayo wenye elimu huyaita mitokondria. Humo chakula kinaunganishwa na oksijene, na chembe inapata nguvu. Kwa sababu hiyo unapumua mchana na usiku: majiko haya hayazimwi hata ukilala.

Katika utomvu mna mafundi pia. Wanaitwa ribosomu. Kazi yao ni kutengeneza proteini. Proteini ni vitu vya kujengea mwili na vya kufanyia kazi zake. Mafundi hawa hawatungi kitu kwa mawazo yao. Wanafuata maagizo.

Maagizo yanatoka wapi? Yanatoka katika kiini. Kiini ndicho doa lile uliloliona katika chembe ya kitunguu. Katika chembe za mtu, ndani ya kiini mna nyuzi 46 ziitwazo kromosomu. Ziko jozi 23. Katika kila jozi, uzi mmoja ulitoka kwa baba na mmoja kwa mama. Juu ya nyuzi hizo maagizo yote ya mwili yameandikwa kwa herufi nne tu, zikirudiwa mara nyingi sana. Si herufi za wino. Ni vitu vidogo vinne vinavyofuatana kwa taratibu. Kipande cha uzi chenye maagizo ya kutengeneza kitu kimoja kinaitwa jini. Usilichanganye neno hili na jini la hadithi za pwani. Ni neno la elimu tu, lililotoka katika lugha za Ulaya.

3. Kila chembe na kazi yake

Chembe zote hazifanani. Chembe za nyama ni ndefu, nazo hujikunja na kujinyosha, ndiyo maana unaweza kuinua jembe. Chembe za mishipa ya fahamu zina nyuzi ndefu za kupeleka habari. Ukikanyaga mwiba, unajua mara moja. Chembe nyeupe za damu ni askari: zinafuata mikrobi na kuziua. Sasa tutazame ile chembe ambayo ndani yake ugonjwa wa mtoto wetu umejificha.

4. Chembe nyekundu ya damu

Katika tone dogo la damu lenye upana, urefu na kimo cha milimetre moja, mna chembe nyekundu karibu milioni 5. Umbo lake ni kama andazi la mviringo ulilolibonyeza katikati kwa vidole viwili, juu na chini. Ni laini sana. Inapita katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe, kwa kujikunja, kisha inarudia umbo lake.

Chembe hii inazaliwa katika mafuta ya ndani ya mfupa. Mwanzoni ina kiini kama chembe nyingine. Lakini kabla ya kuingia katika damu inatupa kiini chake, inatupa hata majiko yake, ili nafasi yote iwe ya mzigo. Mzigo huo ni proteini nyekundu iitwayo hemoglobini. Katika mapafu hemoglobini inashika oksijene. Ikifika katika nyama, ubongo na moyo, inaiachilia.

Kwa sababu haina kiini, chembe nyekundu haiwezi kujitengeneza wala kujigawa. Inaishi siku 120 hivi, kisha inachakaa na kuondolewa. Lakini mifupa haikosi kutengeneza nyingine. Kila sekunde mwili wa mtu mzima unatoa chembe nyekundu mpya karibu milioni mbili.

5. Herufi moja tu

Sasa tumefika kwenye shina la mambo. Hemoglobini inatengenezwa kwa kufuata maagizo yaliyoandikwa katika kiini, kabla hakijatupwa. Sehemu moja ya hemoglobini ni mnyororo wa pete 146. Kwa watu wengine, katika maagizo ya mnyororo huo herufi moja imebadilika. Kwa herufi hiyo moja, pete ya sita inakuwa ya namna nyingine. Pete nyingine 145 ni sawasawa.

Kosa dogo, lakini tazama matokeo yake. Hemoglobini hii inaitwa hemoglobini S. Ikiisha kuachilia oksijene, inashikamana na wenzake na kuwa fimbo ndefu ngumu. Fimbo hizo zinasukuma utando wa chembe kutoka ndani. Chembe laini ya mviringo inakuwa ngumu, nayo inapindika kama mundu wa kukatia mpunga.

Mambo mawili yanafuata. La kwanza, chembe za mundu hazipiti vizuri katika mishipa myembamba. Zinakwama kama magogo katika kijito, na mahali panapokosa damu panauma vikali. Hiyo ndiyo sababu ya mikono ya mtoto kuvimba. La pili, chembe hizi zinavunjika upesi. Badala ya siku 120 zinaishi siku 10 au 20 tu. Mifupa haiwezi kuzirudisha kwa haraka kama hiyo, na damu inapunguka. Hiyo ndiyo sababu ya viganja vyeupe. Na chembe zikivunjika, zinaacha rangi ya manjano katika damu. Hiyo ndiyo sababu ya macho ya manjano.

Mganga James Herrick wa Chicago, Marekani, aliandika habari ya chembe hizi katika mwaka 1910, baada ya kuziona katika damu ya kijana mwanafunzi aliyetoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, kule Kalifornia, walipitisha nguvu ya umeme katika hemoglobini, wakaona ya kuwa ile ya wagonjwa haitembei sawa na ile ya watu wazima wa mwili. Mwaka 1957 Vernon Ingram, kule Cambridge, Uingereza, akaonyesha ya kuwa tofauti yote ni ile pete moja.

6. Kwa nini alizaliwa mzima?

Hili ndilo swali linalovunja jamaa nyingi. “Kama ugonjwa ulikuwa katika damu yake tangu mwanzo, mbona miezi ya kwanza hakuugua?”

Jibu ni hili. Mtoto akiwa tumboni mwa mama hatumii hemoglobini ya watu wakubwa. Ana hemoglobini nyingine, ya watoto, nayo haishikamani kuwa fimbo. Akizaliwa, hiyo bado ni nyingi katika chembe zake, nayo inamlinda. Kisha, mwezi kwa mwezi, inapunguka, na hemoglobini S inashika mahali pake. Karibu na mwezi wa sita ugonjwa unaanza kuonekana. Hakuna mtu aliyekuja usiku kumfanyia mtoto neno. Ni ile hemoglobini ya kwanza iliyokwisha.

7. Inatoka wapi?

Kumbuka neno la Virchow: kila chembe inatoka katika chembe iliyotangulia. Wewe ulianza kwa chembe moja, iliyofanywa na chembe ya baba na chembe ya mama, na kila moja ilileta nyuzi 23. Kwa hiyo una maagizo mawili ya hemoglobini: moja la baba, moja la mama.

Fanyeni hivi darasani kwa maharagi. Haragi jeupe ni agizo jema, tunaliita A. Haragi jeusi ni agizo lililobadilika, tunaliita S. Mwanafunzi mmoja awe baba, mwingine awe mama. Kila mmoja ashike jeupe moja na jeusi moja. Watu kama hao wanaitwa AS. Hao si wagonjwa, kwa maana agizo jema lililo nalo linatosha. Wengi hawajui ya kuwa wana S.

Sasa kila mmoja afumbe macho atoe haragi moja kwa ajili ya mtoto. Rudieni mara nyingi, mkiandika. Mtaona ya kuwa karibu mara moja katika nne mtoto anapata meupe mawili: ni AA. Mara mbili katika nne anapata moja na moja: ni AS kama wazazi wake. Na mara moja katika nne anapata meusi mawili: ni SS, naye ni mgonjwa. Ndiyo maana watu wengi wanauita ugonjwa wa SS. Kila mimba inaanza upya. Wazazi wanaweza kupata watoto watatu wazima na mmoja mgonjwa, au wawili wagonjwa wakifuatana.

Basi tazama: si kosa la mama peke yake, wala la baba peke yake. Wote wawili walileta, na hakuna aliyejua. Mume anayemfukuza mke wake kwa sababu ya mtoto wa SS amesahau ya kuwa haragi jeusi moja lilitoka mkononi mwake.

Kwa nini S ni nyingi katika inchi zetu? Mwaka 1954 mganga Anthony Allison, aliyekua Kenya na kuchunguza damu ya watu wa Afrika ya Mashariki, alionyesha ya kuwa mtu wa AS anakingwa kwa sehemu kubwa na malaria kali. Mahali penye malaria nyingi, watoto wa AS waliokoka kuliko wengine, wakakua, wakazaa, na S ikabaki. Lakini angalia, mtoto wa SS hana kinga hiyo. Malaria inaweza kumwua upesi. Leo Kongo, Nigeria na India ndizo inchi tatu zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu.

8. Tufanye nini?

Ukiona dalili tulizotaja, mpeleke mtoto hospitali ili damu yake ipimwe. Kipimo cha zamani kinachoitwa Emmel kinaonyesha ya kuwa S ipo, lakini hakitenganishi AS na SS. Uliza kipimo cha elektroforesi, kinachotumia nguvu ya umeme kama Pauling alivyofanya. Siku hizi kuna pia kipimo cha haraka, cha tone moja la damu, kinachoonyesha AA, AS au SS.

Mtoto akiwa SS, fanya mambo haya:

Mpe maji mengi ya kunywa kila siku, zaidi wakati wa joto, homa na kuhara. Maji yakipunguka katika chembe, fimbo zinashikamana upesi zaidi.

Usimwache apigwe na baridi au mvua, wala asichoke kupita kiasi.

Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na atumie dawa ya kuzuia malaria kama mganga alivyoagiza.

Apate chanjo zote. Chembe za mundu zinaharibu bandama, nayo ni mlinzi mkubwa wa mwili. Kwa hiyo watoto wadogo wanapewa penisilini kila siku ili kuwakinga.

Apewe vidonge vya asidi foliki, kwa maana mifupa yake inafanya kazi ya kutengeneza damu kuliko ya wengine.

Umwulize mganga habari ya dawa iitwayo hidroksiyurea. Dawa hii inaamsha tena ile hemoglobini ya watoto iliyolala. Ilitolewa kwa watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na mwaka 2019 habari zikatangazwa: maumivu yalipunguka, malaria ikapunguka, kuongezewa damu kukapunguka, na vifo pia. Haitumiwi bila mganga, kwa maana damu inapaswa kupimwa mara kwa mara.

Usingoje hata kesho ukiona mambo haya: homa kali, weupe wa ghafula, tumbo kuvimba upande wa kushoto, kupumua kwa shida au kifua kuuma, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea. Nenda hospitali saa ile ile, usiku au mchana.

Nawe kijana unayesoma, upime damu yako kabla ya kuoa au kuolewa, na mchumba wako naye apime. Ukiwa AS, si aibu wala si ugonjwa. Lakini ni vizuri kujua mapema haragi ulilo nalo mkononi.

Na ukisikia katika kijiji chenu watu wakiuliza, “Ni nani amemfanyia mtoto huyu?”, usinyamaze. Kaa nao, chukua maharagi manne, uwaonyeshe. Kisha uwasaidie kumbeba mtoto mpaka hospitali.

Maswali

1. Taja sehemu tano za chembe, na kazi ya kila moja.

2. Kwa nini chembe nyekundu ya damu haiwezi kujigawa?

3. Mtoto wa SS ana viganja vyeupe na macho ya manjano. Eleza sababu ya kila dalili.

4. Baba ni AA, mama ni AS. Je, wanaweza kuzaa mtoto wa SS? Jaribu kwa maharagi.

5. Jirani anasema, “Mtoto huyu amelogwa, kwa maana alizaliwa mzima.” Utamjibu nini?